Pointi ni za Sesilia

Watu husema sisi Wahaya tunajisifu. Huo ni uzushi. Sisi tunaeleza mambo yetu kama yalivyo, na yakitokea kuwa mazuri kosa si letu. Kwa hiyo nitaeleza na hili kama lilivyo. Mimi, Sesilia Kemilembe, muuguzi wa wodi ya wazee katika hospitali moja ya kaskazini mwa London, ndiye niliyemleta Mwalimu Method mjini humu mwezi wa nane mwaka 2003, na hakuna mtu aliyemchangia hata nauli ya basi. Waliobisha wakati ule sasa hawabishi.

Mwalimu Method alinifundisha kule Kamachumu kuanzia darasa la tatu mpaka la saba. Alitufundisha hesabu, Kiswahili na kukaa wima. Alikuwa akipita nyuma ya madawati, na mtoto aliyejikunja aliwekewa rula mgongoni. "Keti kama mtu mwenye kwao," alisema. Mpaka leo wagonjwa wangu huniuliza kama niliwahi kuwa jeshini.

Binti yake wa mwisho, Irene, alikuja London kusomea uuguzi, nami nikampokea. Alilala chumba changu cha pili kwa miaka miwili, akamaliza sukari yangu yote, na akawa kama mtoto niliyemzaa. Kisha akampata Linus, fundi umeme, kijana mpole, mchapakazi, mwenye adabu, ambaye kasoro yake pekee ilikuwa kutoka Moshi. Nilimsamehe hilo. Mwezi wa tatu wakatangaza kwamba watafunga ndoa mwezi wa nane, na wiki hiyo hiyo kamati ikaundwa.

Sisi Wabongo wa Tottenham tuliacha mengi nyumbani lakini kamati ya harusi tulikuja nayo. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi za mchango za mtu mmoja na za mume na mke, vikao kila Jumatano, ajenda, na mwishoni mengineyo, ambayo ndiyo ajenda yenyewe. Harusi ikipita kamati hukutana mara ya mwisho kula, kunywa na kujipongeza, tunaita kuvunja kamati. Wapo wanaochanga kwa ajili ya siku hiyo tu.

Kwa kuwa Irene hakuwa na ndugu London zaidi yangu, kamati ilikuwa moja, ya upande wa bwana harusi. Mwenyekiti akawa Humphrey, baba mdogo wa Linus, mwenye duka la kusafirisha mizigo pale West Green Road, mtu wa sauti kubwa na mkono mkubwa zaidi. Katibu akawa Jean, Mkongo wa Lubumbashi aliyemwoa dada yake Linus. Mimi nikapewa hazina kwa sababu mbili. Ya kwanza, kamati tatu za nyuma zilipita mikononi mwangu na hakuna aliyewahi kuniuliza senti yake iko wapi. Ya pili, nilikuwa na kadi ya benki.

Kadi ile ndiyo iliyokuwa ikiendesha harusi za Tottenham. Mwenye ukumbi anataka chake leo, mpishi anataka chake leo, mpiga picha naye hivyo hivyo, na wachangiaji wetu wote watalipa mwisho wa mwezi. Basi mimi nalipa kwa kadi, bahasha zinakuja taratibu, na benki inapata chake kabla ya tarehe. Sijawahi kuwalipa riba. Na kila nilipolipa, benki iliniandikia pointi. Nilinunua maziwa, pointi. Nilinunua tiketi ya treni, pointi. Nililipia ukumbi wa Edmonton, pointi nyingi. Miaka minne zilikuwa zikijikusanya tu, nami nilikuwa sizigusi.

Aliyenifundisha kutozigusa ni Tom, muuguzi mwenzangu, Mwingereza mwenye ndevu, anayekusanya pointi kama wengine wanavyokusanya stempu. Siku moja wakati wa chai alinikuta na katalogi ya benki, nimeshaweka alama kwenye picha ya birika la umeme. Alininyang'anya kalamu.

"Sesilia, hilo birika dukani ni pesa ya chakula cha mchana," alisema. "Wao wanataka uwape pointi za robo ya safari. Usichukue birika. Usichukue taulo. Vocha za duka ni afadhali kidogo. Ukitaka thamani ya kweli, zihamishie shirika la ndege uchukue kiti. Na usizihamishe siku yoyote tu. Mara moja kwa mwaka benki huongeza robo juu kwa anayehamisha. Ngoja siku hiyo."

"Na nikingoja sana?"

"Pointi haina bei mpaka uitumie. Siku ya kuitumia ndiyo utajua kama ulikuwa na akili."

Nililipenda neno hilo. Nikaifuta alama kwenye birika.

Mwezi wa sita, Jumamosi moja asubuhi, Irene alikuja kwangu macho yamevimba. Hata kuketi hakuketi.

"Auntie Sesi, baba haji."

"Haji vipi? Si amepata viza?"

"Viza anayo. Nauli hana. Alitegemea kahawa, na bei ya kahawa unaisikia. Linus akampigia simu kumwambia asihangaike, atamkatia tiketi. Baba akakasirika, auntie! Akasema, mkwe akinilipia nauli nitasimama vipi kanisani kumkabidhi binti? Nitakuwa mzigo uliotumwa pamoja naye. Akakata simu."

Nilimwelewa mzee mara moja, na nilimwelewa vizuri kuliko binti yake. Mahari alishapokea, imekwisha. Baada ya hapo mzee anayejiheshimu hali kwa mkwe, halali kwa mkwe, hapandi chombo cha mkwe mpaka binti awe ameshatolewa mkononi. Ungemwambia ni ujinga angekuwekea rula mgongoni.

"Nimtumie mimi," Irene alisema, "lakini pesa yangu na ya Linus iko akaunti moja, tunaweka deposit ya flat. Baba anajua. Ameshaniambia nisijaribu."

Nami nilikuwa sina. Mwezi wa pili nilikwenda kumzika mama yangu, na yeyote aliyekwenda kuzika kwao kutoka Ulaya anajua unarudi na nini. Nilimkumbatia mtoto akalia begani kwangu. Nikasema tutaona. Moyoni niliumia kweli, kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe: nilifunga ndoa Wood Green kwa msajili, mwaka 1988, mashahidi wawili niliowajulia pale pale mlangoni, na marehemu mume wangu akaniambia nisilie kwenye picha. Irene hakupaswa kuingia kanisani peke yake.

Alipoondoka ndipo nilipozikumbuka pointi. Pesa ya Linus mzee hataki. Pesa ya Irene hataki. Mchango wa kamati ni mchango wa Wachaga, hataki hata kuusikia. Lakini pointi si pesa ya mtu. Nilikaa kitako nikacheka peke yangu.

Jumapili baada ya misa nilinunua kadi ya simu ya kukwangua, nikampigia kwa simu ya jirani yake, fundi cherehani. Nikasikia wakimwita, nikasikia viatu vyake vikija bila haraka.

"Shikamoo Mwalimu. Ni Sesilia, wa darasa la mwaka sabini na moja."

"Marahaba. Sesilia wa mwandiko mbaya. Hujambo?"

"Sijambo. Mwalimu, nataka nikuletee tiketi. Si ya Linus. Ni ya pointi zangu."

"Pointi ni nini?"

"Benki wananipa. Nikinunua kitu kwa kadi yao, wananiandikia."

"Kwa nini benki wakupe kitu? Benki ninazozijua mimi hazitoi."

"Wanataka niendelee kununua, Mwalimu."

Akaligeuza kuwa jambo la darasani. "Kwa hiyo ni maksi. Unafanya vizuri, wanakupa maksi, ukijaza wanakupa zawadi."

"Hivyo hivyo."

"Umezipata mwenyewe? Hukunakili kwa mtu?"

"Sikunakili, Mwalimu."

"Hakuna wa ukweni ndani yake?"

Hapo nilichelewa kujibu, na yeye ni mwalimu, akasikia. Akasema polepole, "Sesilia, mwanafunzi wangu akinileta kwa maksi zake, nitakuja, tena nitakuja kifua mbele, maana hiyo ni kazi ya mkono wangu. Lakini nikifika nitauliza. Nitawauliza hao hao wa ukweni, pointi hizi ni za nani. Wakisema ni zao, sitakunywa hata maji yao. Nitarudi na ndege ile ile."

"Watasema ni zangu," nilijibu, na kadi ya simu ikakata.

Basi nikaanza kazi. Benki walithibitisha kwamba ile nyongeza ya robo imefika na inakwisha Ijumaa. Shirika la ndege wakasema Dar es Salaam hakuna kiti cha pointi mpaka mwezi wa kumi. Nikauliza Nairobi, hakuna. Yule dada wa simu akasema pole, Tanzania imejaa. Nikamwambia, "Tafuta Entebbe." Akasema, "Madam, Entebbe ni Uganda." Nikasema najua Entebbe iko wapi. Mtu wa Kagera akitaka kwenda Dar anasafiri siku nzima na zaidi, na akitaka kwenda Entebbe anavuka mpaka wa Mutukula asubuhi na jioni amefika. Wanaotuchorea ramani hawajui hilo. Nikasikia akibonyeza, kisha akasema viko viti viwili, tena kwa pointi pungufu. Nilitamani Tom awepo anione.

Lakini hesabu ilikaa vibaya mahali pamoja. Kiti kile kilizihitaji pointi zangu zote pamoja na nyongeza. Zote. Na nikiwa mkweli, karibu nusu zilitokana na maziwa yangu, treni yangu na harusi za nyuma za miaka minne, na nusu nyingine zilitokana na ukumbi, mpishi na mpiga picha wa harusi hii. Kadi ilikuwa yangu, jina langu, na Humphrey na wenzake wangechelewa kulipa, benki ingenibana mimi. Lakini bahasha zilikuwa zao. Nilisema nitalifikiria hilo kesho.

Kesho haikunipa nafasi. Jumatano tulikutana sebuleni kwa Humphrey kama kawaida, kwenye yale makochi yake ya ngozi yanayolia ukiketi. Taarifa ya hazina nilisoma, ikapigiwa makofi. Tukafika mengineyo. Humphrey akatoa mfukoni katalogi, ile ile ya benki yangu, akaipunga.

"Ndugu wajumbe, nami nimepata kadi kama ya mweka hazina wetu. Sasa nimegundua jambo! Kila senti tuliyochanga imezaa pointi. Madam Treasurer, tuwe serious, zimefika ngapi?"

"Zipo," nilisema.

"Zipo! Mnasikia? Basi mimi napendekeza siku ya kuvunja kamati kila mjumbe aondoke na birika lake la umeme. Hili hapa, la chuma, linazima lenyewe. Pointi ni za kamati."

Watu walishangilia. Walishangilia birika! Damu ilinipanda. Watu wazima wenye kazi zao, wanataka kukitupa kiti cha ndege kwa mabirika, na kila mmoja ana birika kwake.

Wewe utasema, si ungewaeleza tu? Neno lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi. Humphrey namjua, ana kelele lakini si mchoyo. Ningesema neno moja tu, baba yake Irene hana nauli, angezitoa zile pointi kwa mikono miwili na kuongeza na pesa juu, na kikao kizima kingesimama kuimba. Na hapo ndipo zingeharibika. Zingekuwa zawadi ya ukweni. Mwalimu angeuliza, wangejibu kwa furaha kwamba ni zao, na mzee angegeuka. Kumnong'oneza mmoja pembeni nako hakusaidii, siri ya Mbongo haijawahi kutoka Tottenham ikafika Seven Sisters, mtaa wa pili tu, ikiwa siri. Nilimtazama Irene, alikuwa amekaa pembeni ya Linus, ananitegemea.

Nikakaa wima. "Pointi si za kamati," nikasema. "Kadi ina jina langu. Pointi ni zangu."

Kochi moja likalia. Humphrey alitabasamu akidhani natania. "Mama, zako vipi? Pesa ni yetu."

"Pesa yenu imelipa ukumbi, na ukumbi mnao. Mpishi mnaye. Hesabu yenu imetimia mpaka senti. Pointi ni zangu na nitazitumia nipendavyo."

"Sesilia, unakula jasho la wanakamati?"

"Andikeni mnavyotaka kuandika."

Sasa alikasirika kweli, maana nilimwaibisha mbele ya mkewe na wajumbe, na Mchaga ukimgusa kwenye hesabu umemgusa mboni. Alimgeukia Jean. "Katibu! Iingie kwenye kumbukumbu. Kikao kiliuliza, na mweka hazina akajibu kwa kinywa chake kwamba pointi ni za Sesilia. Si za kamati. Si za ukoo wa bwana harusi. Ni za Sesilia! Ili siku moja wajukuu wasome."

Jean alinitazama kwa huruma. "Mama Sesilia, niandike kweli?"

"Andika," nikasema. "Tena andika vizuri."

Ijumaa nikazihamisha pointi zote, nikakata tiketi, nikalipa kodi za uwanja kwa pesa yangu niliyokopa kwa Tom. Tom aligawa akatoa akaniambia thamani niliyopata hajawahi kuiona kwa kiti cha daraja la kawaida. Nilimshukuru. Kulikuwa na gharama moja ambayo hakuiingiza kwenye hesabu yake, na sikumwambia.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Kanisani wanawake waliokuwa wakinibusu mashavu mawili wakawa wanakuta viti vimejaa upande wangu. Dukani nilisikia nyuma yangu, "Huyo ndiye Sesi Pointi." Miaka kumi na mitano nimekaa Tottenham na jina safi, likachafuka kwa kikao kimoja. Niliendelea na kazi yangu ya hazina, risiti kwa risiti, na kila Jumatano niliingia kwa Humphrey nimevaa vizuri kuliko wote. Wakitaka kunidharau, wanidharau nikiwa nimependeza.

Lililoniuma ni Irene. Alipunguza kuja, nami sikuweza kumwambia habari ya tiketi, angemwambia Linus; Mwalimu naye nilimwomba asimwambie. Siku alipokuja kupima gauni, alisimama mbele ya kioo changu, mimi nina pini mdomoni, akasema bila kugeuka, "Auntie, wangekuomba tu ungewapa, si ndiyo? Mabirika tu." Nikaendelea kumpindia pindo. Alipoondoka nililia, nasema wazi, nililia na pini zangu, kisha nikaosha uso nikaenda shifti.

Mwalimu Method alitua Heathrow Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya harusi. Nilimwona kabla hajaniona. Suti ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka mistari ikasimama, kofia, fimbo, na begi dogo. Watu wote waliotoka na ndege ile walikuwa wamekunjamana kwa usingizi. Yeye alikuwa wima. Nikapiga goti pale pale kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, Wazungu wakanipisha.

"Inuka," akasema. "Umenenepa. Vizuri. Mwandiko umetengemaa?"

Nikampeleka kwangu, akaoga, akala ndizi, akalala kidogo. Akaamka akaniuliza kikao cha hao watu ni saa ngapi. Nikamwambia cha mwisho ni leo saa kumi na mbili jioni. Akavaa kofia.

Jua lilikuwa bado kali tulipofika. Mlango ulikuwa wazi, sebule imejaa, maharusi wote wawili wapo, Humphrey anasoma ratiba ya magari. Nilitangulia kuingia, na kwa kawaida ya siku zile hakuna aliyeinua kichwa. Kisha akaingia Mwalimu.

Irene alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka kituo cha treni. "Baba! Baba yangu!" Alitaka kumrukia, lakini mzee alinyoosha mkono kumzuia, kwa upole, macho yakiwa kwa watu.

"Subiri, mwanangu. Nina swali kwanza. Mwenyekiti ni nani?"

Humphrey alisimama, makaratasi yakamponyoka. "Ni mimi, mzee wangu. Shikamoo. Karibu, karibu sana! Keti, wakuletee maji."

"Marahaba. Sitaketi bado. Maji yako nitakunywa au sitakunywa, inategemea utakavyonijibu. Huyu Sesilia alikuwa mwanafunzi wangu. Ameniambia nimekuja kwa pointi. Nawe najua utasema kweli, maana mtoto wako anamchukua wangu kesho. Hizo pointi za Sesilia ni za nani? Za kwake, au za kwenu?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Humphrey alinitazama. Ile hasira ya wiki zote ilikuwa ingali pale, mbichi, nami sikuwahi kufurahi kuiona hasira ya mtu kama nilivyofurahi siku ile. Alisema kabla hajafikiri, kwa sauti yake yote:

"Za kwetu? Ah, mzee! Pointi ni za Sesilia! Tena tuliulizana hapa hapa, akatujibu wazi si za kamati, si za ukoo wetu. Katibu, msomee mzee!"

Jean akafungua, akasoma kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, neno kwa neno, mpaka pale pa wajukuu.

"Hamna hata moja ndani yake?" Mwalimu akauliza.

"Hata moja. Alitunyima hata bi..." Na hapo Humphrey akalikata neno. Nilimwona akimtazama mzee, halafu begi, halafu tiketi iliyochungulia kwenye mfuko wa koti la kaki, halafu mimi. Uso wake ulilegea taratibu. Linus alikuwa ameshaelewa kabla yake, alikuwa ameinamisha kichwa, amemshika Irene mkono. Na Irene alikuwa akinitazama mimi, machozi yakimtiririka bila sauti.

Mwalimu Method alivua kofia. Akaketi kwenye kochi la ngozi, nalo halikulia, nadhani kwa sababu ya jinsi alivyoketi. "Basi nimeletwa na mwanafunzi wangu," aliwaambia. "Nimefundisha miaka thelathini na minane. Wengine walilipwa kiinua mgongo. Mimi changu ni hiki." Akainua mkono kunionyesha, kama anavyomwonyesha mtoto wa kwanza darasani siku ya matokeo. Nami nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na nilisikia fahari ambayo sijaisikia tena.

Kisha akafungua begi, akatoa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, za shamba lake, ambazo kwetu Uhayani mwenyeji humkaribishia mgeni. Akawapitishia wajumbe mmoja mmoja, yeye akiwa mwenyeji na wao wageni wake, ndani ya nyumba ya Humphrey. Wote walichukua kwa mikono miwili. Baada ya hapo akaomba maji.

Irene alinijia akaniegemea, akaniwekea kichwa pale pale begani alipolilia mwezi wa sita. Humphrey naye alikuwa bado amesimama. Alikohoa mara mbili. Mtu wa kelele akitafuta sauti ndogo huipata kwa shida.

"Katibu," alisema. "Kile kipengele cha pointi. Naomba kikao kikubali tukifute. Hakifai kubaki. Kinamchafua mama wa watu."

Wajumbe wakanong'ona kukubali. Jean akachukua kalamu.

Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye glasi yake ya maji, akanitazama, akingoja.

"Usifute," nikasema, nikavuta kiti changu cha mweka hazina nikaketi, mgongo wima. "Kiache kama kilivyo. Pointi ni za Sesilia."